Jasusi Mwenye Chaki ya Fundi

Kama kuna idara ya ujasusi popote pale inayotafuta watu, naomba wasinipigie simu. Mimi niliajiriwa kazi hiyo mara moja, bosi akiwa binti yangu wa kumzaa, na hata yeye nilimtoa jasho. Kazi yenyewe ilikuwa ya filamu tu, lakini katika siku chache nilizokuwa jasusi nilipasua suruali mbele ya foleni ya maji, nikamkaribisha adui wa taifa chai, na nikahamisha wapangaji wa ploti nzima ya Kawangware bila kujua. Hilo la mwisho ndilo watu hunikumbushia hadi leo nikipita.

Mimi ni fundi wa nguo. Naishi na kushona Soweto West, hapa Kibera, chumba kimoja, cherehani ikiwa mlangoni ili nipate mwanga na habari. Nina mwili wa kutosha. Goti langu la kushoto hujua mvua kabla mawingu hayajajua. Nimewahi kumfukuza mwizi wa nguo za kambani, na ni yeye aliyesimama mbele kunisubiri aone kama napumua. Kwa hivyo mtu akiniambia nicheze filamu ya ekshen, kwanza namtazama nione kama amekula.

Aliyeniingiza ni binti yangu. Baba yake alirudi kwao Siaya zamani, hututumia salamu, na msimu ukiwa mzuri gunia la mahindi. Basi mtoto huyu nimemlea mimi na cherehani. Amekua, akajifunza kupiga video za ibada kanisani, na kanisa likawa linamwachia kamera katikati ya wiki. Kwa kamera hiyo akaanza kutengeneza filamu ya majasusi na vijana wenzake. Nilidhani ni mchezo, mpaka nikaona anaandika hadithi usiku hadi chai inapoa, naye si mtu wa kuachia chai.

Lakini kando ya filamu kulikuwa na pasipoti. Wakala mmoja alikuwa amemtafutia kazi ya nyumba Uarabuni. Wasichana wengi wa kwetu wameenda. Wengine wamejengea wazazi, nawapongeza. Msichana wa jirani yetu alirudi akiwa kimya, na hadi leo ukimsalimia ni mama yake anayeitikia. Binti yangu aliniambia waziwazi, huku akimenya viazi, kwamba angemaliza filamu ile kwanza. Akiimaliza, atajua kazi ya kamera ni yake, atabaki aitafutie njia. Ikimshinda, ataenda, na nisimzuie, kwa sababu hawezi kuzeeka akinivutia nyuzi. Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti ya mtu mzima kabisa, kisha nikamshonea mteja zipu juu chini.

Jasusi wa kwanza hakuwa mimi. Alikuwa msichana mmoja mwembamba wa Mashimoni, papa hapa Kibera, aliyejua kuruka sarakasi na kutua kwa mguu mmoja. Huyo alipata kazi ya kuuza manukato mjini, akaondoka katikati ya filamu bila kugeuka nyuma. Binti yangu alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kitandani, viatu mguuni. Macho yake yakaenda kwenye bati la biskuti juu ya kabati, ambamo tunaweka vyeti na pasipoti. Kisha yakanijia mimi. Nilikuwa nimejaribu suti nyeusi ya suruali niliyomshonea mteja mmoja aliyehamia Rongai bila kuaga, nikitaka kujua kama inaweza kunifaa kwa matanga.

"Mathe," akasema polepole, "wewe ndio uko na suti."

Nilikataa. Nilikataa vizuri sana, nikataja goti, nikataja Mungu, nikataja wateja. Yeye akanieleza hadithi mpya aliyokuwa ameiwaza pale pale. Idara ya ujasusi imeishiwa watu, kwa sababu maadui wanajua nyuso zao zote. Wanatafuta mtu ambaye akipita njiani hakuna anayemtazama. Nikamuuliza mtu huyo ni nani. Akanitazama kwa upendo. Nilikasirika nikaacha hata kumpa chakula, lakini nilipolala nikaliona lile bati la biskuti gizani, na asubuhi nikamwambia nitajaribu.

Filamu ile ilikuwa ya vita. Nilipoingia mimi ikawa ya vichekesho.

Tulianzia Mashimoni. Jasusi alitakiwa akimbie kati ya nyumba, aruke mtaro, atue upande wa pili na kutazama nyuma kwa ukali. Mahali palipochaguliwa palikuwa karibu na kibanda cha maji, na kina mama waliopanga mitungi walikuwa na nafasi ya kutosha ya kunitazama. Mimi mtaro sikuuruka. Niliuvuka, kama mtu yeyote mwenye akili. Binti yangu akasema turudie. Mara ya pili nikapiga moyo konde, nikaruka, na suruali ya mteja wa Rongai ikaachana na mimi kwa nyuma kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni. Mama mmoja akasema taratibu kwamba ukitaka kujua fundi, tazama nguo zake mwenyewe. Ilibidi nisimame nimegeukia ukuta huku binti yangu akinishona nikiwa ndani. Mishono yake ni mibaya, nilimwambia hivyo nikiwa vile vile nimeshika ukuta.

Bunduki hazikuwepo. Binti yangu alizikataa tangu mwanzo, akasema kwetu bunduki ya mbao inaweza kuita ya chuma. Kwa hivyo silaha yangu ilikuwa futi ya kupimia nguo, ambayo ningemnyongea adui. Adui aliigizwa na kijana mmoja fundi wa simu, mpole, mrefu. Huyo huyo pia alikuwa jasusi mwenzangu. Watu walikuwa wachache, basi akiwa mwenzangu alikuwa na uso wake, na akiwa adui alibandikwa masharubu.

Tatizo langu kubwa lilikuwa maneno. Kushona naona mara moja na sisahau, lakini maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine hayakai kichwani mwangu. Sentensi moja tu niliishika tangu siku ya kwanza, "Mimi si mtu wa kazi hii," na hiyo nilikuwa naisema kwa moyo wangu wote. Nyingine zilinitoroka. Adui alipoingia chumbani nilitakiwa kusema, "Simama hapo hapo, nyoka wewe." Mlango ukafunguliwa, fundi wa simu akaingia na masharubu yake, na mdomo wangu ukasema, "Karibu, kaa. Umekula?" Yule kijana naye ana adabu, akakaa. Binti yangu akatuangalia kupitia kamera kwa muda, akasema tuendelee hivyo hivyo. Kwenye filamu basi namnywesha chai kwanza ndipo namnyonga.

Alikuwa hanikaripii. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angeniambia, "Poa, Mathe, tena," na kurudia, na tena, na mimi nikiona uso wake unapungua rangi kila mara ninaposahau. Nikawa najifunza maneno nikishona. Mteja akija nampima kifua nikimwambia nchi inamtegemea.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ifanyike Kawangware. Nilimuuliza kwa nini tusimalize papa hapa Kibera. Akasema Kibera imepigwa picha mpaka imechoka, kila mgeni mwenye kamera anakuja kwetu kuchukua reli na matope na watoto wakipunga mkono. Katika filamu yake watu wa Kibera ndio wangeenda kupeleleza kwa watu. Kusema kweli nilijisikia fahari, nikakaza mkanda.

Ploti tuliyopata ilikuwa Kawangware, karibu na kituo cha 46, vyumba vya mabati vilivyozunguka uwanja, milango imepakwa bluu, na geti la chuma mbele. Mwenye ploti alikuwa shosho mmoja, bibi kizee aliyezaliwa pale pale kabla hapajajengwa. Alitukubalia bila kusita, kwa sharti moja, kwamba na yeye aonekane. Binti yangu akamwahidi atakuwa mkuu wa idara ya ujasusi. Shosho akauliza kama mkuu huvaa kilemba au hutengeneza nywele. Akaambiwa nywele. Basi siku ya kazi akaamkia saluni, na kwa kuwa alitaka wapangaji wake washtukie tu wanamwona kwenye filamu, hakuwaambia lolote.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa nyepesi. Jasusi anaingia ploti, anaweka alama kwenye milango ili mwenzake ajue adui amepita wapi, anatoka. Hakuna maneno. Binti yangu alipanda juu ya gorofa iliyo ng'ambo ya barabara ili anichukue kutoka mbali kama mtu anayevizia. Akaniambia nilete chaki itakayoonekana mpaka kule juu. Sisi mafundi tuna chaki yetu ya kuchorea kitambaa, nyeupe, bluu, nyekundu. Nyeupe ilikuwa imekwisha, bluu ingepotea kwenye milango ya bluu. Nikachukua nyekundu. Na alama nikachora ile ninayochora kila siku ya maisha yangu mahali kifungo kitakapokaa, X.

Msiniulize. Mimi nimeishi Nairobi tangu nikiwa msichana. Najua X nyekundu mlangoni ni nini. Nimewahi kuamka nikaikuta kwenye mlango wangu, siku zile barabara ilipopitishwa tulipokuwa tukiishi mwanzo. Nilibeba kichwa cha cherehani juu ya kichwa changu, binti yangu akiwa mdogo ameshika sketi yangu, na nyuma yetu tingatinga likivunja vyumba kama mtu anayefungua maboksi. Najua. Lakini siku ile mkono wangu ulikuwa na chaki ya kazi, na mkono wa fundi ukiwa na chaki hauulizi kichwa.

Sasa jiweke upande wa wapangaji. Uko mlangoni unafua. Anaingia mwanamke mnene amevaa suti nyeusi na miwani ya giza, ana waya sikioni, hasalimii mtu. Anatembea mlango hadi mlango, anachora X nyekundu kwa uangalifu mkubwa, anarudi hatua moja nyuma kuitazama kama imekaa sawa, anaenda mlango wa pili. Kamera huioni. Mimi nilijiona natisha, nikafurahi. Wanawake walikuwa wamenyamaza mmoja baada ya mwingine, nami nikasema moyoni kwamba leo hatimaye naigiza. Nikamaliza na geti, nikaenda nyuma karibu na vyoo kama nilivyoelekezwa, nikajificha nikisubiri simu ya binti yangu.

Nilikuwa bado najipongeza niliposikia sauti ya mwanamke ikipanda.

"Wanabomoa!"

Sijui nitaelezaje. Neno lile halikuingia sikioni, liliingia miguuni. Nikatoka mbio. Uwanja ulikuwa umejaa magodoro na vitanda vikipitishwa mlangoni kwa ubavu, mtu alikuwa ameshapanda paani anang'oa mabati yake kabla hayajang'olewa, watoto wanalia. Mimi, jasusi, mwenye chaki nyekundu bado mfukoni, niliangalia kushoto na kulia nione nini kinaweza kuokolewa. Kulikuwa na jiko linawaka na sufuria ya githeri juu yake. Nikaibeba sufuria kwa pindo za koti, nikasema mguu niponye, nikapita getini nayo mpaka barabarani. Goti halikuuma hata kidogo. Nikaiweka chini, nikatoa simu, nikampigia jirani yangu Soweto West. "Toa cherehani yangu nje," nikamwambia. "Usiulize, toa." Naye ni mtu mwema, akatoa cherehani, na vitambaa, na godoro, akavikalia njiani mpaka jioni. Ilichukua muda kabla hajanisalimia tena.

Fundi wa simu, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya adui, naye alinipita akiwa amebeba runinga ya mtu, masharubu yakining'inia upande mmoja. Hakuwa ananikimbia mimi. Alikuwa anakimbia tu, kama sisi wote.

Kisha mambo yakatulia kidogo, kwa sababu tingatinga halikuonekana. Watu wakaanza kuulizana. Ni nani aliyeweka alama? Mwanamke mmoja, mwenye githeri yenyewe, akasema amemwona kwa macho yake, mama mnene, suti nyeusi, miwani. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikawauliza ameelekea wapi. Wote wakawa wananitazama mimi. Nikageuka nyuma nione wanamtazama nani.

Hapo ndipo iliponijia. Mkono wangu ukaikuta ile chaki mfukoni. Nilijaribu kueleza, lakini yale maneno ambayo hayakai kichwani mwangu hata siku ya raha, siku ile yalihama kabisa. Kitu pekee kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Mimi si mtu wa kazi hii." Wakasema kumbe ametumwa. Mtu akauliza nimetumwa na nani. Binti yangu akashuka kutoka gorofani akikimbia, kamera mkononi, akipaza sauti kwamba ni filamu, ni filamu tu, na mzee mmoja akamwambia hata wale wa barabara walikuja na kamera.

Aliyetuokoa ni shosho, ingawa naye hakuanza vizuri. Alitokea saluni na roli za nywele kichwani, akaona X kwenye geti lake, akasahau filamu kama nilivyoisahau mimi. Akatandaza mikono mbele ya geti akasema wapite juu yake. Binti yangu akamwendea akamnong'oneza. Shosho akashusha mikono. Akatutazama mimi na yeye, akatazama vitanda barabarani, akatazama paa lililokwisha kuwa wazi. Hakutukana. Alisema tutoke kwake, na tusirudi, na kwamba mchezo una mahali pake. Tukaondoka bila kuguswa na mtu. Mwenye githeri aliniita nirudishe sufuria ndani, na hilo tu ndilo nililofanya sawa siku ile.

Njia nzima binti yangu alitangulia mbele, kamera kifuani. Nyumbani akapangusa kamera, akaifunga vizuri, kwa kuwa kanisa liliitaka kwa mkutano wa injili na kilichobaki ni siku mbili tatu tu. Filamu haikuwa na mwisho. Kesho yake nikamwona ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati, amelianika mlangoni lipigwe na jua kutoa harufu. Lile bati la biskuti lilikuwa wazi. Nilishona siku nzima bila kujua nashona nini. Nilitaka kumwambia jambo, lakini nilikuwa nimeshamwambia sawa, tena kwa sauti ya mtu mzima, na sikujua mtu mzima hurudishaje neno.

Basi nikafanya ninaloweza. Asubuhi nikavaa ile suti, kwa kuwa nguo zangu nyingine zilikuwa zimeloa, nikachukua beseni na kitambaa nikaenda Kawangware peke yangu. Nikamwambia shosho nimekuja kufuta milango. Akanyoosha kidole kwenye bomba. Chaki yetu ina nta, haitoki kwa urahisi. Nilifuta nikiwa nimeinama, goti likiwa limerudi kazini, na wapangaji wakitoka kunitazama. Walinipa jina papo hapo, Mathe wa X. Mmoja akasema nimesahau kufuta pembeni, na kweli nilikuwa nimesahau. Yule wa paa alikuwa juu akigongelea mabati yake, akaniomba nimpasie misumari. Nikawa nafuta, nampasia, nafuta. Mwenye githeri akaniletea chai, akasema kwamba hata hivyo nilikimbia vizuri na sikuimwaga.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akinisimamia. Nilipofika kwenye geti akasema jambo ambalo kumbe lilikuwa limemkaa rohoni tangu siku ile. Nywele zake zimetengenezwa, amelala amekaa ili zisiharibike, na hakuna aliyempiga picha. Akaniuliza yule msichana yuko wapi. Nikasema yuko nyumbani anapanga sanduku. Akauliza anaenda wapi. Nikamwambia. Akajigusa nywele.

"Mpigie simu," akasema. "Aje na hiyo kamera. Mimi niliambiwa ni mkuu."

Binti yangu alikuja na fundi wa simu. Alipofika getini hakuniita. Baadaye sana ndipo nilipojua alisimama pale kwa muda akinichukua nikifuta mlango wa mwisho, matako yameelekea dunia nzima. Akapanga watu. Wapangaji wakakubali kukaa nyuma kama makachero, mwenye githeri akiwa katikati. Shosho akakaa mbele na nywele zake, akiwa mkuu kuliko mkuu yeyote niliyewahi kumwona. Sehemu ya mwisho ilikuwa hivi: adui ameshindwa, na jasusi kijana anatumwa ng'ambo kwa kazi mpya. Anasimama getini na mzigo wake. Jasusi mzee anamshika bega anamwambia, "Nenda. Nchi inakutegemea."

Binti yangu akampa fundi wa simu mzigo. Lilikuwa lile sanduku. Alikuja nalo kutoka nyumbani kwa sababu hatukuwa na jingine, nadhani hakufikiria zaidi ya hapo, kama mimi na chaki.

Kamera ikaanza. Nikamwendea kijana, nikamshika bega. Maneno yalikuwepo. Kwa mara ya kwanza yalikuwepo yote, yamepangwa kichwani kama vifungo kwenye kadi, nilikuwa nimewaambia wateja wangu mara ngapi. Nikafungua mdomo, hayakutoka. Nikatazama lile sanduku. Binti yangu akasema turudie. Tukarudia, nikasimama vile vile.

"Mathe, line ni nenda," akasema nyuma ya kamera. Hakuwa amekasirika.

"Najua."

"Basi sema."

Nikamshika kijana bega tena. Lakini sikumtazama yeye. Nilitazama kule kwenye kioo cha kamera, mahali nilipokatazwa kutazama tangu siku ya kwanza.

"Usiende," nikasema.

Hakuna aliyesogea. Yule kijana hakujua afanye nini, akaweka sanduku chini akalikalia. Shosho, ambaye hakupewa maneno yoyote, akajiinua kidogo kwenye kiti chake cha plastiki akasema kwa sauti ya ofisi kwamba basi asiende, na ni nani hata aliyesema aende. Kamera iliendelea muda mrefu. Sikuweza kumwona binti yangu uso, ulikuwa umefichwa. Nilikuwa nalia, na suti imenibana kwapani, na nilikuwa nimeharibu kwa mara nyingine jambo lake, mbele ya watu waliokwisha kunipa jina.

Mwishowe akasema kata. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua. Nikajipangusa nikamwomba msamaha, nikamwambia turudie, sasa nitalisema, nimelishika.

"Hapana, Mathe," akasema. "Tumepata."

Tuliionyesha filamu Jumapili moja mchana katika ukumbi wa video kule Mashimoni, mapazia yamefungwa, shosho akiwa amekuja kutoka Kawangware na wapangaji wake na kukalia kiti cha mbele. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Walicheka nikivuka mtaro, walicheka nikimpa adui chai. Nikitokea na sufuria ya githeri, maana kumbe kamera ya gorofani haikuwa imezimwa, walicheka, halafu wakapunguza, kwa sababu uso wangu pale si wa kuigiza na kila mtu mle ndani aliujua. Taa ilipowashwa, kijana mmoja wa nyuma akauliza hadithi imeishia wapi. Mbona yule jasusi hakusafiri, na sanduku lilikuwa limeshafungwa?

Binti yangu alikuwa anakunja waya. Hakuinua hata kichwa.

"Mathe alikataa," akasema, akaendelea kukunja.